Faili la Getini

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sitaki kuambiwa nizipunguze. Watu wa Mtopanga wanaonijua hawanichokozi kabla sijanywa chai. Kazi yangu ni kutunza kompyuta za yadi moja ya makontena kule Changamwe, na kazi hiyo peke yake yatosha kumtoa mtu mapovu.

Yadi ina seva, yaani kompyuta kubwa inayokaa chumba chake na kuhifadhi mafaili ya watu wote, pamoja na video za kamera za getini. Mimi siendi kule kila siku. Nikiwa kwangu nafungua kompyuta yangu ya mkononi, napita kwenye mtandao kwa njia iliyofungwa kwa nywila, na folda za seva zatokea mbele yangu kama zimo humu humu ndani. Zikitaka. Zisipotaka zaganda, na bosi anapiga simu. Kwa hivyo mkoba wa kompyuta nilikuwa naenda nao kila mahali, hata kanisani Bombolulu, maana bosi alikuwa na mazoea ya kunitafuta katikati ya mahubiri.

Mdogo wangu, tulioachiana ziwa, ndiye aliyekuwa akifungua geti la yadi hiyo hiyo zamu ya usiku. Kazi nilimtafutia mimi. Lakini ukimuuliza yeye ni nani, atakwambia ni mgema, kama marehemu baba. Akitoka Changamwe asubuhi alikuwa hapiti nyumbani kulala, anakwenda moja kwa moja Junda, huku kwetu Kisauni, kupanda minazi aliyokodi, akate karara la maua, tembo la kunywa litone kibuyuni. Chombo chake ni kotama, kisu kifupi kilichopinda, kikali kupita wembe. Alikuwa akikitia kiunoni nyuma, na kukinoa ndiyo iliyokuwa starehe yake.

Nilikuwa nimeshamwambia, wee, kisu hicho ukitembea nacho Kisauni ya leo kitakutia matatani. Akacheka. "Dada, nani asiyemjua mgema?"

Kisauni ilikuwa imechoka na visu. Vijana walikuwa wakitembea makundi makundi, wanakata watu kwa ajili ya simu mchana kweupe, na wakikamatwa leo, kesho uko nao dukani mnapanga foleni ya mkate. Watu walikuwa wamejaa hadi hapa kooni. Nalisema hili mapema ili usidhani wale waliomfunga mdogo wangu walikuwa majini. Walikuwa watu. Wengine nimekula harusi zao.

Jumapili hiyo, alfajiri, mvua ikinyesha, mwenye duka mmoja wa Junda alikatwa akifungua mlango wa duka lake. Walimpasua bega na shavu. Kabla hajapakiwa kwenye tuktuk kupelekwa hospitali alisema neno moja, kwamba kisu kilikuwa kimepinda.

Basi watu wakaketi wakakitafakari kisu hicho. Panga limenyooka. Sime imenyooka. Cha kupinda ni kotama, na mwenye kotama ni mgema. Hesabu ya namna hiyo huwezi kuipata penginepo duniani ila kwetu Pwani, na kwa masikio ya watu wenye uchungu ilikuwa hesabu safi kabisa. Mgema wa kwanza waliyemwona akishuka mnazini asubuhi hiyo alikuwa mdogo wangu.

Simu ilinikuta kanisani. Ilikuwa ya mama mmoja anayeuza viazi karai karibu na duka lile. "Dada, kimbia. Wanamuua ndugu yako." Sikuaga mtu. Nilirukia bodaboda na mkoba wangu begani, na njia nzima nilikuwa nikimtukana yule dereva aongeze mwendo, maskini, naye alikuwa anakwenda kadiri ya uwezo wake.

Nilimkuta amekalishwa kwenye kizingiti cha duka, amefungwa mikono kwa kamba ya kuanikia nguo. Kizingiti kilikuwa bado kina damu ya mwenye duka, na sasa ya mdogo wangu ilikuwa inachuruzika juu yake. Jicho moja lilikuwa limefumba. Shati hana. Tairi lilikuwa limeegemezwa ukutani, na kijana mmoja wa bara ameshika chupa ya soda yenye petroli, anaitikisatikisa kama mtu anayengoja zamu yake. Kotama ilikuwa chini, wameiweka peke yake mchangani, na hakuna aliyetaka kuikanyaga.

Niliwapasua katikati. Nilisukuma, nikakanyaga, nikapigwa kiwiko cha mbavu nami nikarudisha. Mbele yao alikuwa amesimama mwenyekiti wa nyumba kumi, mtu mzima wa kanzu na kofia, binamu yake mwenye duka. Macho yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Shikamoo, mzee," nikasema, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, hata mbele ya tairi.

"Marahaba," akaitika. Naye ndivyo alivyolelewa.

"Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tangu jana magharibi alikuwa getini Changamwe, na hakutoka mpaka jua limechomoza. Alfajiri hakuwapo huku, mzee. Wallahi tena."

"Wewe si Mwislamu, usiniapie wallahi," akasema. "Nani aliyemwona?"

Nikampigia mlinzi mwenzake, nikaiweka simu kwenye sauti kubwa. Yule akasema kweli, tulikuwa naye. Umati ukazomea. "Mwizi mwenzake huyo! Kesho tumfuate na yeye!" Nikampigia bosi, simu imezimwa, ni Jumapili. Polisi walikuwa wameshapigiwa na yule mama wa viazi, wakasema wako njiani, na sote pale tulijua njia hiyo ilivyo ndefu.

"Kuna kamera," nikasema. "Yote yamo ndani ya seva, na seva naifungua hapa hapa. Nawaonyesha kwa macho yenu."

Mwenyekiti alinitazama, akatazama jua. "Ikiadhiniwa adhuhuri naingia msikitini," akasema. "Nikishaingia, siwezi tena kuwazuia hawa. Fanya upesi, binti yangu."

Nyumbani kwangu mtandao ni wa waya, na si mbali. Lakini ningegeuka tu kumpa mgongo ndugu yangu, ningerudi nikute majivu. Nikakalia kreti ya soda mbele ya duka, kompyuta mapajani, nikaiunganisha na bando la simu yangu. Nikakosea nywila, nikakosea tena, halafu nikaingia.

Folda ikafunguka. Nikayaona majina ya video, kila moja na saa yake, na ile ya alfajiri imo. Nikapiga ukelele wa furaha kabisa. Nikaibofya.

Ikaganda.

Sijui nikueleze vipi mgando ule kama hujawahi kuushika. Kitu kikikataa, unajua kimekataa, unatafuta njia nyingine. Hiki hakikatai. Hakikubali. Kioo kinabaki pale pale, kiduara kinazunguka, ukibofya hakisikii, ukitaka kufunga hakifungi. Na aliyeipanga iwe hivyo ni mimi. Niliiamuru kompyuta, ukimkosa seva, mngojee, usikate tamaa, faili la watu lisije likakatika njiani likaharibika. Kwa ofisi ni busara. Pale Junda nilitamani kuitupa mtaroni.

"Haya, sinema iko wapi?" mmoja akauliza.

"Inakuja."

"Inakuja kwa miguu?" Wakacheka, na mtu mmoja nyuma ya mdogo wangu akampiga teke la mgongo, akaanguka kifudifudi. Wakamkalisha tena.

Nilibana kitufe cha kuzimia mpaka kompyuta ikafa, nikaiwasha upya, nikangoja iamke, nikaingia tena. Folda ikafunguka. Majina yakatokea. Nikabofya, ikaganda tena. Na kila ilipoganda walimpiga. Ikawa kama mimi ndiye ninayewaamuru wampige. Nikibofya, anapigwa. Nikasema labda bando limekwisha, nikatazama, liko. Nikasema labda seva imekufa, nikaituma ile salamu fupi tunayotumia kujua kama yu hai, ikajibu papo hapo. Yu hai, ananisikia, majina ya mafaili ananipa, faili lenyewe hanipi. Nilimtukana seva matusi ya nguoni mbele ya mwenyekiti wa nyumba kumi, na mzee wa watu akainamisha uso.

Hapo ndipo jibaba moja, mpagazi, simtaji na sitamtaja, lilipouliza, "Mkono gani unaoshika kotama?"

 Mwingine akamjibia mdogo wangu, "Wa kulia."

Wakamfungua kamba. Wakauvuta mkono wake wa kulia, wakaulaza juu ya kizingiti, kiganja chini. Mwenyekiti akapaza sauti, "Msifanye hivyo!" lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kazi. Mpagazi akaokota jiwe la kujengea, akaliinua kwa mikono miwili. Niliweka kompyuta chini, nikaruka, nikamng'ata mkono. Wallahi nilimng'ata mpaka nikaionja damu yake. Mtu akanishika nywele, mwingine akanitandika kofi la mdomo nikaona vimulimuli. Jiwe lilishuka. Lilishuka mara ya pili. Ule mlio ninao bado, na kilio chake nakisikia nikiosha vyombo, nikipanda gari, wakati wowote kinaoutaka chenyewe.

Yule wa petroli akasogea, akammiminia kichwani. Kilikuwa kimebaki kiberiti tu, na walikuwa wakiulizana nani anacho.

Nikatambaa hadi kwenye kreti yangu. Damu ya mdomo ilikuwa inadondoka kwenye herufi za kompyuta. Sikuwa na pengine pa kwenda.

Simu ikalia kengele ya ujumbe, pembeni yangu, ile ile iliyokuwa ikiipa kompyuta mtandao. Nikaitazama kwa mazoea tu. Lilikuwa kundi letu la familia. Binamu yetu wa Kaloleni ametuma video. "Jamani, si kijana wetu huyu?" Nikaigusa, ikacheza pale pale bila kusita. Alikuwa mdogo wangu, kwenye kizingiti, anapigwa. Wapigaji walikuwa wamerekodi wenyewe, wakaituma, imeshafika Kaloleni, imesharudi kwangu, nami niko hatua chache kutoka alipo.

Nililia kwa hasira. Ile yao imepita! Ya kumuua imepita, ya kumwokoa imekwama, kwenye simu hii hii, bando hili hili! Nikaitazama tena, fupi, chafu, imebanwa mpaka sura hazionekani vizuri. Ndogo.

Ndogo inapita.

Salamu fupi ilipita. Majina ya mafaili, maneno machache, yalipita. Kinachokwama ni kikubwa peke yake. Lo! Nilikuwa nimelijua jambo hilo miaka, nikalisahau kwa kupigiwa kelele. Kila kinachosafiri mtandaoni hukatwa vipande. Njia ya nyumbani kwangu yabeba kipande kikubwa. Njia ya simu, ukiongeza na kifungashio cha ile njia ya nywila, haikibebi. Kipande kikubwa kinafika mahali kinatupwa, na hakuna anayerudi kukuarifu. Seva inakituma tena, kinatupwa tena, na kompyuta yangu imeketi inangoja kwa adabu.

Nikaituma salamu, safari hii nimeinenepesha makusudi. Kimya. Nikaipunguza. Kimya. Nikaipunguza tena, ikajibu.

"Subirini!" nikapiga kelele. "Mtu asiwashe kitu! Subirini, kwa jina la mama zenu!"

Nikaizima kompyuta kwa nguvu mara ya mwisho. Ilipoamka, kabla sijafungua folda yoyote, nikaiamuru njia ile ikate vipande vidogo, vidogo kuliko vile vilivyopita. Nikaunganisha folda upya. Kiberiti kilikuwa kimepatikana, nakiona mkononi mwa yule wa bara. Msikitini mtu alikuwa anakohoa kwenye kipaza sauti, anajitayarisha kuadhini. Nikabofya.

Video ikafunguka.

Nilimshika mwenyekiti ukosi wa kanzu, Mungu anisamehe, nikamvuta hadi puani mwa kompyuta. Geti la yadi. Taa. Saa imeandikwa juu pembeni. Mdogo wangu amekalia debe chini ya kibanda cha geti, anainoa kotama yake kwa jiwe, taratibu, anaijaribu makali kwa kidole gumba. Lori likaja, akainuka, akaitia kiunoni, akafungua geti kwa mikono yote miwili, akafunga, akarudi debeni kwake.

"Saa zinaweza kubadilishwa," mpagazi akasema. Alikuwa ameushika mkono nilioung'ata. "Huyu ni mtu wa kompyuta, anaweza kuandika saa yoyote."

Watu wakanung'unika kuwa ni kweli.  

Ni mwenyekiti aliyeliona jibu. Akainama, akaweka kidole kwenye kioo. "Mvua," akasema.

Mbele ya taa ya geti, mvua ilikuwa inaanza. Matone ya kwanza, kisha ikamwagika, na mdogo wangu akavuta debe ndani ya kibanda, akajifunika gunia kichwani. Ilikuwa mvua ya kwanza tangu joto lianze, kila mtu pale ilimwamsha, wanawake walikuwa wametoka kutega ndoo. Ilinyesha alfajiri ile tu, ikakata. Na kwenye mvua hiyo hiyo ndimo mwenye duka alimokatwa. Mwenyekiti alikuwa amembeba kwa mikono yake, akalowa.

"Mvua hakuiandika yeye," akasema. Akasimama wima, akawageukia, na sauti yake ikarudi. "Mwachieni. Nani ana maji? Mwosheni mafuta hayo! Mwachieni, washenzi nyie!"

Adhana ikaanza. Watu waliondoka upesi kuliko walivyokuja. Yule wa kiberiti alikitia mfukoni, akasema, "Pole siste, tulikuwa tumekasirika tu," akaenda zake. Tuktuk iliyotupeleka hospitali ilikuwa ya mmoja wao.

Ameishi. Nalisema kwa herufi kubwa, ndugu yangu ameishi, na kwa hilo namshukuru Mungu kila nikiamka. Lakini vidole vya mkono wa kulia havikunji. Havishiki kotama, havishiki mnazi, havishiki geti. Minazi ya Junda imechukuliwa na mwingine.

Mwenyekiti alikuja kutoa pole kama ilivyo desturi, na sukari, na majani ya chai, na watu kadhaa nyuma yake wenye nyuso nilizozijua. Akasema ilikuwa kadari. Nikamwambia, mzee, sukari weka hapo mezani, kadari rudi nayo. Mama akanikanya. Mdogo wangu akasema, "Dada, wapikie chai," nami nikawapikia, nikaimwaga vikombeni hadi ikafurika kwenye visahani.

Ile video ya kumpiga ingali inatembea. Imefika Likoni, imefika Nairobi, kuna aliyetumiwa Dubai. Mdogo wangu aliposhuka Likoni kuomba kazi ya kuuza tiketi za choo cha kulipia, mwenye mahali alimtazama, akatoa simu, akamwuliza, "Si wewe huyu?" Ile ya getini nami niliikata fupi, nikaibana iwe ndogo kuliko ya wapigaji, nikaituma kwa kila aliyetuma yao. Inapita vizuri sana. Wakajibu kwa vile viganja vya kusali, basi. Hakuna aliyeisambaza. Mtu amekalia debe, ananoa kisu, mvua inanyesha. Nani ataisambaza hiyo?

Yeye huitazama. Kila Jumapili nikitoka kanisani namkuta barazani kwangu, ananingoja. "Dada, nifungulie ile ya getini." Ile ndefu, ile ya seva, hataki niliyoikata. Namwekea kompyuta mezani, naenda jikoni kujitia nina shughuli. Haijaganda hata siku moja tangu nilipoitengeneza. Nikichungulia namwona ameinamia kioo, anautazama mkono wake wa kulia ukinoa, kidole gumba kikipita kwenye makali, na ule wa kweli umelala pajani.

"Tazama," huniambia, "nilikuwa nikiinoa vizuri."

Nami humwambia ndiyo, mdogo wangu, ulikuwa ukiinoa vizuri sana.